Waunda Tarakilishi na Wamtaje Mtenda

Kampuni zinazounda tarakilishi zina ada ya kuwaandikia wateja wao mara kwa mara. Leo huwaletea habari ya mtambo mpya unaosifiwa kuwa mwepesi na wenye kasi kuliko uliotangulia. Kesho huwaarifu kuhusu sasisho la programu. Kesho kutwa huwatangazia kwamba mashine waliyoinunua kwa jasho lao haitahudumiwa tena. Wengi wetu huzipokea habari hizi kama dua ya lugha ya kigeni: tunaitikia "amina" bila ya kujua tumeombewa nini. Tunabonyeza palipoandikwa kwamba tumekubali, kisha tunaendelea na shughuli zetu.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na ni kwa jicho la isimu ninapozitazama habari hizi. Rai yangu ni kwamba aghalabu huandikwa kwa lugha inayomficha mtenda, na kwamba mteja asiyeelezwa nani ametenda nini hana njia ya kuidai haki yake. Jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi kuliko watu wengine, kwa sababu shule ndizo zenye mashine nyingi za zamani na fedha chache za kununulia mpya.

Tuanze na sarufi ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua. Kitenzi "vunja" hunyambuliwa kuwa "vunjwa" katika kauli ya kutendwa, na "vunjika" katika kauli ya kutendeka. Ukisema "Gilasi imevunjwa," msikilizaji atataka kujua imevunjwa na nani. Ukisema "Gilasi imevunjika," swali hilo halina pa kuingilia. Gilasi imefikwa na jambo, basi. Watoto huijua tofauti hii kabla hawajaketi darasani. Mtoto aliyeulizwa kuhusu gilasi ya mgeni hujibu upesi kwamba imevunjika. Ni nadra kumsikia akisema, "Nimeivunja."

Sasa tazama habari za waunda tarakilishi. Ukizifasiri kwa uaminifu utajikuta ukiandika "msaada umekoma," "utendaji umebadilika," "bidhaa imefikia mwisho wa maisha yake." Vitenzi hivi vyote havina mtu nyuma yake. Msaada haukomi kama mvua. Yupo aliyeukomesha, katika kikao fulani, kwa hesabu fulani ya faida na hasara. Lakini sentensi imejengwa ili mteja aone kana kwamba majira yamebadilika tu, na hakuna wa kuulizwa.

Mfano mzuri ni wa kampuni ya Apple, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa kuunda tarakilishi na ambayo hadi Januari 2007 iliitwa Apple Computer. Mnamo Januari 2017 kampuni hiyo ilitoa sasisho la programu ya simu zake za iPhone, ambazo kwa hakika ni tarakilishi ndogo za mfukoni. Maelezo ya mwanzo yaliyoandamana na sasisho hilo yalizungumzia kurekebishwa kwa hitilafu na kuimarishwa kwa usalama. Yale yaliyoongezwa baadaye yalitaja usimamizi bora wa nguvu za umeme, ili simu zisizimike ghafla. Neno lililokosekana ni moja tu: kwamba ili simu zenye betri zilizochakaa zisizimike, kampuni ilikuwa inazipunguzia kasi.

Wateja waliona simu zao zikizidi kuwa nzito mwezi baada ya mwezi. Wapo waliokata shauri kununua mpya, wakidhani za zamani zimezeeka. Mnamo Desemba 2017, baada ya wataalamu wa nje kupima kasi ya simu hizo na kuchapisha matokeo, kampuni ilikiri tarehe 20 ya mwezi huo. Siku nane baadaye iliwaomba wateja radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri nchini Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29. Mnamo Februari 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25, si kwa sababu ya kupunguza kasi, bali kwa kutowaarifu wateja. Mwezi uliofuata kampuni ilikubali nchini Marekani kulipa hadi dola milioni 500 ili kuimaliza kesi ya wateja wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Zingatia, msomaji, kwamba hoja ya kiufundi ya kampuni hiyo haikuwa upuuzi. Betri iliyochakaa haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa ghafla, na simu inayokwenda polepole yaweza kuwa afadhali kuliko simu inayozimika katikati ya mazungumzo. Laiti wateja wangeandikiwa, "Tumeipunguza kasi ya simu yako kwa sababu betri yake imechakaa, ukibadilisha betri, kasi itarudi," wengi wangeridhika, na wengine wangenunua betri badala ya simu. Sentensi moja yenye mtenda ingeokoa fedha za wateja na heshima ya kampuni pia.

Kuna hila nyingine, nayo ni ya msamiati. Kampuni hiyohiyo ina utaratibu wa kuzipanga mashine zake kwa umri. Ile ambayo kampuni imeacha kuiuza kwa zaidi ya miaka 5 lakini haijapita miaka 7 hupewa jina ambalo Waingereza hulitumia kwa mvinyo uliokaa na magari ya zamani yenye thamani. Hilo ni jina la sifa, lakini maana yake katika duka la matengenezo ni kwamba huenda vipuri visipatikane. Ikishapita miaka 7, mashine huitwa iliyopitwa na wakati, na kwa kawaida kampuni huacha kuitengeneza. Je, nani aliyempa wakati miguu ya kuipita mashine hiyo?

Nisieleweke kwamba habari zote za kampuni hizi ni za ujanja. Mnamo tarehe 14 Agosti 2006, kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kuzirejesha betri zipatazo milioni 4.1 za vipakatalishi vyake. Betri hizo, zilizokuwa na sehemu zilizotengenezwa na Sony, ziliweza kupata joto kupita kiasi na kushika moto. Tangazo lilitaja idadi, aina za mashine zilizohusika, na kipindi zilipouzwa, yaani kuanzia Aprili 2004 hadi Julai 2006. Liliwaambia wateja waache kuitumia betri mara moja, waitoe mashine ikiwa imezimwa, na waendelee kufanya kazi kwa umeme wa ukutani hadi waletewe betri nyingine bila malipo. Hiyo ndiyo habari kamili. Mteja aliposoma alijua kasoro ni ipi, inamhusu au haimhusu, afanye nini, na gharama ni ya nani. Waliowezaje kuandika hivyo? Waliweza kwa sababu moto haufichiki, na kwa sababu tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilishiriki katika tangazo hilo.

Watakuwapo watakaonipinga wakisema kwamba mteja wa kawaida hana haja ya maelezo marefu, na kwamba ufupi wa habari hizi ni huruma kwake. Sikubaliani nao. Ufupi na ufiche ni vitu viwili tofauti. "Tumekomesha msaada" haina urefu wa kumchosha mtu kuliko "msaada umekoma." Tofauti iliyopo ni ya dhima, wala si ya idadi ya maneno.

Nije sasa kwenye jambo linaloziuma shule zetu. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft, ambayo ni muundaji wa programu na pia wa tarakilishi zake yenyewe, ilikomesha utoaji wa bure wa marekebisho ya usalama kwa Windows 10, programu endeshi iliyoanza kutumika Julai 2015. Kampuni zinazounda tarakilishi ziliipokea habari hiyo na kuwapelekea wateja wao, pamoja na picha za mitambo mipya. Mashine nyingi zilizouzwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kupokea Windows 11 kwa njia iliyoidhinishwa, ama kwa kukosa toleo linalotakiwa la chipu ya usalama, ama kwa kuwa na kichakato cha kizazi cha nyuma. Mwenye mashine ya namna hiyo akijaribu, huelezwa kwamba mashine yake haikidhi masharti. Hapa napo tazama nani ametajwa: mashine ndiyo yenye kosa, na aliyeweka masharti hayumo katika sentensi.

Mwalimu mkuu akiisoma habari hiyo kijuujuu, au akisomewa na muuzaji, ataamini kwamba mashine 20 za shule yake zimekufa. Hazikufa. Zinawaka na kufanya kazi kama jana. Kilichosimama ni viraka vya kuziba mianya ambayo wezi na virusi hupitia. Tena kampuni hiyo imeweka nafasi ya kuendelea kupata viraka hivyo. Kwa mtu binafsi, ni hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa njia nyingine zisizo na malipo ya fedha. Kwa taasisi za elimu zenye mkataba wa leseni, bei iliyotangazwa ni dola 1 kwa kila mashine katika mwaka wa kwanza, dola 2 katika mwaka wa pili, na dola 4 katika mwaka wa tatu. Jumla ni dola 7 kwa miaka mitatu. Isitoshe, zipo programu endeshi za bure za jamii ya Linux ambazo huweza kuipa uhai mashine ya miaka kumi.

Linganisha dola 7 na bei ya tarakilishi mpya, kisha uniambie kama lugha ni jambo dogo. Habari ya dola 7 ipo, haikufichwa kabatini. Lakini imo katika kurasa za leseni, kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali habari ya mtambo mpya imeandikwa kwa herufi kubwa na rangi za kupendeza. Shule ambayo ingevitumia vitabu na madawati ya fedha hizo itazitoa kununua mashine ambazo bado haikuzihitaji.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Ukiviweka vifungu hivi viwili bega kwa bega, si vigumu kuona kwamba habari isiyoeleweka ni nusu ya habari. Wala asije mtu akasema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maandishi ya Kiswahili. Kama iliwezekana kuiandika programu nzima wakati huo, itashindikanaje leo kuandika tangazo la ukurasa mmoja?

Hata hivyo, tusingoje kampuni za ng'ambo zituamkie. Kuna kazi tunayoweza kuianza katika darasa la Kiswahili. Mwalimu mwenzangu, chukua tangazo moja la muunda tarakilishi, uwape wanafunzi walitafsiri, na kila wanapofika kwenye kitenzi wajiulize kama ni cha kutenda, cha kutendwa au cha kutendeka. Kisha wajibu maswali manne: Nani ametenda? Ametenda nini? Jambo hilo linaihusu mashine ipi? Nani atalipa? Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hili, na nimeona kwamba wale waliokuwa wakiiona mada ya mnyambuliko wa vitenzi kuwa mzigo wa mtihani huanza kubishana kwa hamu. Swali lisilopata jibu katika tangazo ndilo la kumwandikia muuzaji kabla ya kutoa fedha.

Idara za shule zinazonunua vifaa nazo ziyaweke maswali haya katika mikataba yao. Kabla ya kutia saini, muuzaji aeleze kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi, ni hadi mwaka gani mtengenezaji ameahidi kuzihudumia mashine hizo, na ni nani atakayebeba gharama baada ya hapo. Muuzaji anayeisifu kasi ya mtambo kwa dakika kumi hawezi kukosa dakika moja ya kuitaja tarehe hiyo.

Waliotutangulia walituasa tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Hawakusema tusinunue msala kamwe. Walitaka kwanza tujue kama mbacha kweli umechanika, au kuna mtu aliyetuambia tu kwamba umechanika ilhali mkononi mwake ameshika msala wa kuuza.