Mzee anaamka mara ngapi?

Mwezi uliopita nilikuwa Nyarero, kule Tarime, kwa baba mkubwa. Ninyi mnaoijua Tarime kwa dhahabu ya Nyamongo tu, tulieni kidogo.

Usiku wa kwanza nililala chumba cha mbele. Mlango ukalia saa tano. Ukalia saa saba, saa nane na nusu, saa kumi. Kila mara ni mzee na tochi yake anakwenda chooni, na mbwa wanambwekea kama hawamjui. Asubuhi nikamuuliza, "Baba mkubwa, tumbo?" Akaniangalia kama nimemwomba ng'ombe. "Uzee," akasema. Basi. Mwanamume wa Kikurya aliyetahiriwa bila kupepesa kope atamwambiaje mtoto wa mdogo wake kwamba mkojo unamtesa?

Mama mkubwa ndiye aliyenipenyezea siri jikoni. Mzee ana kopo la unga, "dawa ya Kihindi", kanunua kwa mchuuzi na anakunywa kwa maji ya moto. Nikasoma lebo: gokshura. Unajua ni nini? Ni mbigili, bwana! Ile ile miiba inayotoboa tairi za baiskeli. Waganga wa Ayurveda huko India wanaitumia tangu enzi kwa matatizo ya mkojo. Wanasema upepo wa mwili, vata, umekwama chini ya kitovu, na wanamkataza mgonjwa kubana mkojo. Hilo la kutobana hata daktari atakuunga mkono. Lakini kwamba mbigili inatibu tezi dume iliyovimba, ushahidi wake bado mwembamba sana.

Miti yetu si ya kudharau pia. Gome la Prunus africana, mti wa milima yetu ya Afrika, linauzwa Ulaya kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Mwaka 2002 watafiti walijumlisha majaribio 18 yenye wanaume 1,562: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19. Si haba, ingawa majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Gome likagombewa mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995.

Kilichonitisha mimi ni kopo lenyewe. Mwaka 2004 watafiti kule Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda za madukani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na la mzee lilitoka kwa mchuuzi asiye na hata kibanda.

Usiku wa tatu mkojo ukagoma kabisa. Mzee analia jasho, tumbo gumu kama ngoma. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi hospitali. Wakampitishia mpira, ikatoka zaidi ya lita moja. Sijawahi kuona mtu mzima akishukuru vile.

Daktari akauliza swali moja tu lililoniacha mdomo wazi: "Mzee, umekunywa dawa ya mafua?" Alikuwa amekunywa, tangu juzi yake. Kumbe baadhi ya vidonge vya mafua hukaza njia ya mkojo, na tezi ikishavimba, ndiyo kufuli! Akampima kwa kidole (mzee alitazama ukutani muda wote), akachukua damu ya kipimo cha PSA, maana saratani ya tezi inaweza kujificha nyuma ya dalili hizi hizi. Akamwandikia tamsulosini, inayolegeza misuli ya njia. Ikishindikana, kuna upasuaji wa kupitia njia ya mkojo.

Kopo? Daktari alisema liachwe, hakutukana mtu. Mzee ndiye aliyenong'ona tukiwa njiani: "Nilidhani nikienda hospitali watanikata."

Nimepiga simu juzi. Majibu ya damu hayana la kutisha, mpira umetolewa, anaamka mara moja, mbili. Mama mkubwa anasema sasa mbwa ndio wanaolala.