Diski ya zamani iacheni kwanza

Msimamizi wa hifadhi ya data hukutana na maswali yaleyale kila mara. Nitahamishaje voliumu bila kuzima mfumo? Itachukua saa ngapi? Niliyoikuza naweza kuipunguza? Majibu yapo. Mifumo mingi ya leo hunakili watu wakiwa kazini, ikafuatisha mabadiliko yaliyoingia katikati, kisha ikahamia upande mpya kwa muda mfupi tu. Saa hutegemea mtandao, na zaidi idadi ya faili: vifaili milioni kumi huchosha kuliko video chache nzito. Kuhusu kupunguza, anayetumia XFS asitegemee. Mfumo huo wa faili umetengenezwa kukua.

Swali lisiloulizwa ni hili: diski ya zamani tutaifuta lini, na nani atatoa idhini?

Hapo ndipo watu huumia. Mwaka 2021 mtumishi wa jiji la Dallas, Marekani, alikuwa akihamisha faili za polisi kutoka hifadhi ya wingu kwenda seva za jiji. Zilifutika terabaiti 22 hivi. Kama 14 ziliokolewa. Takriban 8 hazikurudi, na ndani yake mlikuwa na ushahidi wa kesi. Waendesha mashtaka waliambiwa Agosti, miezi kadhaa baada ya kosa. Desemba mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, bakapu yenyewe ndiyo iliyokula data. Kampuni iliyouza mfumo ilibadilisha skripti wakati ile ya zamani ingali inafanya kazi, na amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za mfumo zilizopitwa na wakati ikaangukia kazi za watafiti. Terabaiti 77 zilifutwa, faili milioni 34.

Bosi atajibu kwamba bakapu ipo. Watu wa kampuni ya programu ya GitLab nao waliamini hivyo, mpaka Januari 31, 2017, fundi aliyechoka alipofuta hifadhidata kwenye seva isiyokusudiwa. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo la programu lisilolingana, na barua pepe za kuonya hazikumfikia mtu. Waliokolewa na nakala ya diski iliyochukuliwa saa sita kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Bahati tu.

Na ieleweke: kuwa na diski mbili zinazoandika pamoja si bakapu. Ukifuta huku, kule nako kunafutika papo hapo. Hata ile picha ya voliumu (snapshot) ambayo wasimamizi huipenda kwa wepesi wake mara nyingi hukaa kwenye kabati lilelile la diski. Kabati likiungua, vyote vimekwenda pamoja.

Tunajua kwa nini ufutaji huharakishwa. Nafasi ni ghali, mkataba wa vifaa vya zamani unaisha, na mkubwa anataka kusikia kwamba kazi imekwisha. Wala hatusemi diski ikae stoo milele. Yenye majina na namba za simu za wananchi ikisahaulika huko, ni janga jingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote zinamtaka mtunzaji azilinde taarifa hizo.

Tunachotaka ni utaratibu. Nakala mpya ilinganishwe na ya zamani kwa hesabu ya faili na alama za uhakiki, ruhusa za watumiaji zikaguliwe, na wenye kazi, yaani mhasibu, karani wa masijala na daktari, wafungue faili zao wenyewe. Mwisho wa mwezi upite salama. Kisha watu wawili, si mmoja, watie saini ya kufuta.

Mkandarasi akija Ijumaa jioni na cheti cha kumaliza kazi, msitie saini. Mwambieni arejeshe faili moja ya mwaka jana kutoka kwenye bakapu, nanyi mkiangalia.