Usihamie jina, hamia idara

Leo nina neno na vijana wetu walioko Marekani, hasa California, ambao wako mwaka wa pili kwenye vyuo vya jamii (komyuniti koleji, kama wengi tunavyoviita) na wanataka kuhamia chuo kikuu wakamalizie shahada ya fizikia. Najua ni wachache, lakini wapo. Wengine wametoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi, wengine Tanzania na Kenya kwa bahati nasibu ya grinkadi. Wengi hawana mtu nyumbani wa kumuuliza. Mzazi anaelewa uuguzi, anaelewa uhasibu. Fizikia? Utakula nini? Na kijana akishashinda vita hiyo, mzazi anakuja na sharti: haya, kama ni fizikia, basi iwe kwenye chuo chenye jina, ili na sisi tukipiga simu nyumbani tuwe na la kusema.

Mimi nasema hapo ndipo tunapowapoteza vijana. Mwanafunzi wa kuhamia hachagui chuo. Anachagua idara. Ni vitu viwili tofauti.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe. California ina mpango mkuu wa elimu ya juu wa tangu mwaka 1960, na moja ya nguzo zake ni kwamba mtu aanze chuo cha jamii kwa gharama ndogo kisha ahamie chuo kikuu. Vyuo vya jamii viko 116. University of California (UC) ina kampasi 9 zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, na California State University (CSU) ina zaidi ya 20. Kampasi 6 za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mpango uitwao TAG: ukitimiza masomo na alama walizoweka, nafasi yako ni ya uhakika. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Fomu yake inajazwa mwezi Septemba, kampasi moja tu, na si kila kozi inaingia, kwa hiyo soma masharti ya kozi yako kabla hujatangaza kwa marafiki.

Sasa tuje kwenye fizikia. Fizikia ni ngazi. Mwanafunzi wa historia akikosa somo moja anaweza kulichukua mwaka ujao huku anaendelea na mengine. Wa fizikia hana raha hiyo. Huwezi kuingia mekanika ya kwanta bila aljebra ya linia na milinganyo ya diferensha. Huwezi kuingia umeme na sumaku ya ngazi ya juu bila kalkulasi ya vekta. Na idara nyingi hufundisha masomo haya ya juu mara moja tu kwa mwaka. Aliyeanza chuoni hapo ana miaka minne ya kuipanda ngazi. Wewe una miwili. Ukifika ukaambiwa kwamba somo lako la fizikia ya kisasa halitambuliki, au kwamba wenzako walisoma hisabati ya wanafizikia mwaka wa pili na wewe hukusoma, ngazi imekatika. Miaka miwili inakuwa mitatu.

Mwaka mmoja wa ziada ni pesa. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, au asiyetambuliwa kama mkazi wa California, UC hutoza zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya karo ya kawaida. Na hata kwa mkazi, kodi ya chumba Berkeley au Santa Barbara si mchezo. Ni vijana wangapi wanaacha shule si kwa sababu fizikia iliwashinda, bali kwa sababu mwaka wa tatu uliwakuta hawana kitu?

Kuna na hili la mihula. Vyuo vya jamii vingi huenda kwa semesta. Ndani ya UC, Berkeley na Merced nao ni semesta, lakini kampasi nyingine 7 huenda kwa robo, na robo moja ina wiki 10 tu za masomo. Ukizubaa wiki mbili za mwanzo unatafuta nyumba, mtihani wa kwanza huo hapo. Mtu akikuambia vyuo vyote ni sawa, muulize kama analijua hilo.

"Lakini Berkeley ni Berkeley!" Nakubali kabisa. Ernest Lawrence alipata Nobel mwaka 1939 kwa saiklotroni aliyoibuni pale pale. John Clarke wa Berkeley alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Nobel ya fizikia mwaka 2025. Wenzake, John Martinis na Michel Devoret, wana uhusiano na Santa Barbara, na Irvine nako alikuwepo Frederick Reines aliyepata ya mwaka 1995 kwa kazi ya nyutrino. Hizi ni idara kubwa, na mwenye kufaulu huko ana haki ya kutembea kifua mbele. Ila Nobel ni ya profesa. Wewe unataka kujua nani atakufundisha, darasani mtakuwa wangapi, na kama kuna mlango wa maabara utakaofunguliwa kwa ajili yako.

Hebu piga hesabu hii. Anayetaka kuendelea na shahada ya uzamivu hutuma maombi yake karibu na Desemba ya mwaka wa mwisho. Kwa kawaida anatakiwa awe na barua tatu za maprofesa wanaomfahamu. Mwanafunzi wa kuhamia aliyeingia mwezi wa tisa ana mwaka mmoja na miezi kama mitatu ya kufahamika na watu watatu. Katika idara yenye wanafunzi wengi wa uzamivu, hao ndio walio kwenye foleni ya mbele maabara. Wewe mgeni utaingilia wapi?

Ndiyo maana siwadharau CSU hata kidogo. Idara nyingi za fizikia za CSU hazina wanafunzi wa uzamivu. Watu wanasema huo ni upungufu. Mimi naona kwa kijana wa kuhamia unaweza kuwa faida, maana profesa akitaka mkono wa kumsaidia maabara atautafuta kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Barua ya profesa aliyekuona ukikesha na kifaa kilichogoma ina uzito kuliko barua ya mtu mashuhuri anayekukumbuka kwa alama tu.

Na hili wenye viza walisikie mapema. Kuna nafasi za utafiti za kiangazi ziitwazo REU, zinazolipwa na National Science Foundation. Ni nzuri sana, ila ni za raia wa Marekani na wenye ukazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi kuzitegemea. Kwake yeye, idara yenye pesa na nafasi zake za ndani si anasa, ni lazima.

Kwa hiyo kabla hujachagua, uliza maswali haya, na uyaulize kwa idara yenyewe, si kwa ofisi ya matangazo ya chuo:

1. Je, masomo yangu yote ya fizikia na hisabati yanatambuliwa? (Anza na tovuti ya ASSIST, kisha wathibitishe.)
2. Nionyesheni ratiba ya mwanafunzi wa kuhamia aliyemaliza kwa miaka miwili. Wakishindwa kukuonyesha, umeshajibiwa.
3. Wanafunzi wa kuhamia wanaingiaje kwenye utafiti, na kuanzia lini?
4. Somo nikilishindwa, litafundishwa tena lini?

Halafu tafuta mwanafunzi mmoja aliyehamia mwaka jana, mnunulie kahawa, msikilize.

Na nyie wazazi na wajomba, tunawaheshimu. Lakini mtoto akikuambia kapata Berkeley na chuo kingine usichokijua, na akakichagua hicho usichokijua, usimkatie simu. Muulize swali moja tu: huko utamaliza lini? Akiwa na jibu lenye majina ya masomo na tarehe, huyo keshajua anakokwenda. Mpe baraka zako.

Nawasilisha.