Kugawa si Kupanga: Maoni kuhusu Ardhi ya Jamii

Aghalabu tunapozungumzia mageuzi ya umiliki wa ardhi nchini Kenya, neno linalotutoka kwanza ni hatimiliki. Hoja yangu ni kwamba neno hili limetupofusha. Tangu Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, mageuzi yetu yamekuwa mepesi wa kugawa na mazito wa kupanga.

Tutazame Kajiado. Sheria ya mwaka wa 1968 iliwawezesha Wamaasai kumiliki ranchi za vikundi kupitia kwa wawakilishi waliosajiliwa. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi zilikatwa vipande, kila mwanachama aliyeandikishwa (nao wengi walikuwa wanaume) akapewa chake. Kule Kitengela vipande vilizaa ploti, ploti zikazaa mji, na seng'enge zikaziba njia walizozitumia nyumbu kutoka Mbuga ya Nairobi kuelekea kusini. Simlaumu aliyeuza kilicho chake. Ila mpango wa matumizi ya eneo zima ulipoanza kuandaliwa, seng'enge zilikuwa zimekwisha kusimama.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, iliyoifuta ile ya 1968, imefungua mlango mwingine. Mkutano wa jamii hujumuisha watu wazima wote, wake kwa waume, na jamii iliyosajiliwa inaweza kuiwasilishia serikali ya kaunti mpango wake yenyewe wa matumizi ya ardhi ili uidhinishwe. Lakini mpango huandikwa kwa lugha gani? Mfugaji wa Kimaasai ana neno *olokeri*, yaani malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Mtaalamu akiandika "malisho" tu katika ramani yake, sehemu hiyo itapimwa na kukatwa kama nyingine yoyote.

Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapohusika. Istilahi tunazobishania semina hadi semina, kama vile umilikaji, haki za kimila na matumizi, zinastahili kujaribiwa mbele ya mkutano kama huo. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya mawakili na wapimaji. Wamekuwa nayo tangu 1954! Miongoni mwetu wamo wanaotoka Kajiado, Samburu na Tana River. Na waanze kukusanya maneno ya malisho ya kwao, tuyajadili pamoja na wahadhiri wetu kabla mpimaji hajafika.