Kigogo hupewa muda, kabwela hupewa dalali!

GARI la matangazo likipita Manzese, Mbagala au kule Kirumba mjini Mwanza, watoto hulikimbilia wakidhani limeleta muziki. Watu wazima hutega sikio. Nyumba ya nani leo? Dalali anataja kitalu, anataja mtaa, anataja jina la mdaiwa mbele ya majirani na wakwe, kisha anataja siku ya mnada. Siku ikifika, watu wanne watano wasiojulikana mtaani wanasimama kivulini, nyundo inagonga, na familia iliyojenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi na tano inabeba magodoro kwenda kwa shangazi.

Ukiwauliza watawala wanafanya nini, jibu liko tayari kama maandazi ya asubuhi. Eti deni ni mkataba. Eti hakuna aliyelazimishwa kukopa. Eti Serikali haiwezi kuchukua fedha za walipa kodi ikamlipia mtu aliyekopa kwa hiari yake.

Maneno mazuri hayo. Yangekuwa mazuri zaidi kama Serikali hiyohiyo ingewaambia wakubwa wake.

Tuwakumbushe, maana wenzetu hawa husahau haraka. Mwaka wa fedha wa 2005/06, Sh. bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu kutoka akaunti ya madeni ya nje, ile EPA, zikalipwa kwa makampuni 22. Ukaguzi ukakuta nyaraka za kughushi. Hapo hatuzungumzii mkopo, ndugu msomaji, tunazungumzia wizi. Januari 2008 Gavana akafutwa kazi. Je, wenye makampuni walipelekewa dalali nyumbani? Thubutu! Agosti mwaka huohuo Rais Kikwete alisimama Bungeni Dodoma akasema watakaokuwa hawajarejesha ifikapo Oktoba 31 watafikishwa mahakamani. Yaani aliyechota kwa karatasi za uongo alipewa tangu Januari hadi mwisho wa Oktoba, na akirudisha mambo yamekwisha. Mama wa Mbagala aliyekopa Sh. milioni tano kwa karatasi za kweli, mtaji wake ukateketea katika moto wa Kariakoo Julai 2021 au ule wa Karume Januari 2022, Sheria ya Ardhi inampa notisi ya siku 60!

Na tukizungumzia nyumba, tusisahau nyumba za Serikali. Kuanzia 2002 ziliuzwa zaidi ya 7,000, zikiwamo zile za Oysterbay ambazo kabwela huziona kwa kupita barabarani tu. Walionunua ni watumishi na wakubwa waliokuwa wakiishi humo. Wakaruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 10. Miaka kumi! Hapo hatukusikia hotuba kwamba soko ni soko.

Rudini nyuma zaidi. Mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria ya kuunda LART, chombo cha kubeba mikopo mibovu iliyokuwa imeikaba koo NBC na mabenki mengine ya umma. Waliokula mikopo ile walikuwa hasa mashirika ya umma na vyama vikuu vya ushirika. Benki ikasafishiwa vitabu vyake, bili akaletewa mlipa kodi. NBC ikamegwa 1997, na mwaka 2000 hisa nyingi za kipande kimoja zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Halafu Juni 2009, uchumi wa dunia ulipoyumba, Serikali ikatangaza mpango wa Sh. trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, na ndani yake mlikuwa na dhamana ya Serikali ili makampuni yaliyoathirika yapangiwe upya mikopo yao. Nasi hatusemi ilikuwa vibaya. Tunasema mkono huo wa kuokoa upo, una nguvu, na umeshatumika mara nyingi. Unaishiwa nguvu pale tu mdaiwa anapokuwa mlalahoi.

NANI ALIWAPELEKA BENKI?

Hili la hiari nalo tulichambue. Hapa kwetu wanaopoteza nyumba si wale tu waliokopa ili wanunue nyumba. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, kampuni ya kuyakopesha mabenki kwa ajili hiyo, TMRC, ikaanzishwa 2010, lakini mpaka leo mikopo hiyo ni ya watu elfu kadhaa tu katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Mnyonge wa kawaida hakupewa nyumba na benki. Alijijengea mwenyewe, kwa mshahara, kwa upatu, kwa kuuza ng'ombe wa baba. Kisha akapeleka hati au leseni ya makazi kuwa dhamana ya mkopo wa biashara.

Nani alimfundisha kufanya hivyo? Serikali! Mwaka 2004 walianzisha MKURABITA, wakamleta mtaalamu kutoka Peru, wakaimba kwamba maskini wamekalia mtaji uliokufa. Dar es Salaam zikagawiwa leseni za makazi, na wananchi wakaambiwa waziwazi: chukueni karatasi, nendeni benki, mkopesheke. Watu wakatii. Sasa mtu aliyetii wito wa Serikali akianguka, Serikali inajitia hamnazo, inasema hakulazimishwa. Baadhi ya wazee wetu walikuwa na busara kuliko wataalamu wote wale. Waliandika ukutani kwa rangi NYUMBA HII HAIUZWI, wakakaa kimya barazani. Lakini hata maandishi hayo hayamzuii dalali mwenye notisi mkononi.

Kuna mdaiwa mwingine, na huyu ndiye anayetuuma zaidi. Ni mzabuni. Anashinda zabuni ya kupeleka mahindi na maharage katika shule ya bweni, au kukarabati zahanati, au kutengeneza barabara ya wilaya. Halmashauri haimpi fedha za kuanzia. Anakwenda benki, anaweka nyumba. Maharage yanapikwa, watoto wanakula, wanafanya mtihani, wanafaulu, wanaondoka. Hati ya madai imekaa kwa mhasibu. Anaambiwa fungu halijatoka Hazina. Anaambiwa madai yanahakikiwa. Anaambiwa mhakiki amehamishwa. Miezi inakuwa miaka, na riba ya benki haina mhakiki, haina likizo, haihamishwi. Mwisho nyumba inapigwa mnada kwa deni ambalo, ukilifuata hadi kwenye mzizi wake, ni deni la Serikali! Halafu Serikali hiyohiyo inachukua kodi katika mauzo ya nyumba hiyo. Tungekuwa na aibu kidogo, jambo hili peke yake lingemtoa waziri ofisini.

Kwa hiyo anayeuliza kama Serikali imwokoe mzabuni anauliza swali lililopinda. Ailipe kwanza hela yake aliyoifanyia kazi.

NYUNDO YENYEWE

Watasema sheria ipo. Ni kweli ipo, na kwenye karatasi si mbaya. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 133, inamtaka mkopeshaji auze kwa bei nzuri inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba amevunja wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya madalali nayo inataka tangazo la siku 14. Mke au mume lazima aridhie nyumba ya ndoa kuwekwa rehani.

Lakini nenda kwenye mnada uone. Tangazo limebanwa ukurasa wa ndani wa gazeti kwa herufi za kuhitaji miwani. Wanunuzi ni walewale. Mtu mwenye nyumba anatakiwa aende Mahakamani kuthibitisha bei ya soko, kwa wakili wa kulipwa, wakati huo hana hata nauli ya daladala. Na hata akishinda, mara nyingi amechelewa: aliyenunua kwa nia njema sheria inamlinda, na aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia ya fedha. Ushindi wa karatasi. Nyumba ina mtu mwingine, kaburi la mama yake liko uani kwa mtu mwingine.

Sasa tusikilize hoja yao nzito, maana wanayo moja. Wanasema mkiwahurumia wadaiwa mtayaua mabenki, na wanatunyoshea kidole Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1972 ikafa 1995 kwa mikopo isiyolipwa. Hoja hii tunaipokea. Fedha za benki si za meneja, ni za akina mama na wakulima walioweka akiba, na mtu anayefikiri deni lifutwe kwa kelele za mkutano wa hadhara anamwibia jirani yake. Tena yupo aliyekopa akaongeza mke, na yupo aliyekopa akanunua gari la kutambia harusini. Hao wasituletee machozi.

Ila kuokoa si kufuta. Hao Wamarekani ambao wataalamu wetu huwanukuu kila semina walifanya nini? Mwaka 1933, nchi ikiwa imepigwa na mdororo, utawala wa Roosevelt uliunda shirika la kununua mikopo ya nyumba iliyokwama, HOLC. Lilichukua mikopo kama milioni moja hivi, likairefushia muda, likashusha riba, na wenye nyumba wakaendelea kulipa kwa Serikali. Si wote waliopona. Karibu 200,000 walipoteza nyumba hata baada ya msaada huo. Lakini lilipofungwa 1951 hesabu zake zilikuwa na ziada kidogo. Mlipa kodi hakuliwa. Na hao si wakomunisti!

Hapa kwetu pia imeshajaribiwa nusunusu. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliyalegezea mabenki masharti yatakayokubali kuwapangia upya mikopo wateja walioathirika. Hakuna benki iliyokufa kwa sababu hiyo. Kasoro ni kwamba iliachwa kwa hiari ya benki, na hiari ya benki tunaijua inaanza kumwangalia nani.

Tunachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Nyumba anayoishi mdaiwa, si godauni wala hoteli yake, isipigwe mnada kabla benki haijaonyesha kwamba ilimpa nafasi ya kupangiwa upya deni, na nafasi hiyo iwe ya lazima. Mwenye madai yaliyothibitishwa kwa Serikali asiguswe mpaka Serikali ilipe, na Serikali ikichelewa ibebe yenyewe riba ya benki. Mtaona jinsi wahakiki watakavyopata mbio. Riba ya mkopo uliokwama isiruhusiwe kuzidi deni la msingi, kama majirani zetu Kenya walivyoweka kwenye sheria yao ya mabenki tangu 2007. Na mnada wa nyumba ya kuishi usimamiwe na mthamini asiyechaguliwa na benki, bei ya chini itangazwe mbele ya watu, ikikosekana nyundo irudi mfukoni.

Hayo hayahitaji hata senti moja ya Hazina. Mfuko wa kununua mikopo iliyokwama ndio unaohitaji fedha, na tutaambiwa hazipo. Hazipo kwa nani? Zilikuwapo 1991. Zilikuwapo 2009. Magari ya wakubwa bado yananunuliwa, na bado yanakunywa mafuta.

Wabunge watakapokaa tena Dodoma kwenye bajeti, yupo atakayesimama kusema kwamba siku 60 zinatosha na sheria ni msumeno. Mbunge wa namna hiyo aulizwe palepale, kwa jina la jimbo lake: zile siku karibu 300 za watu wa EPA zilitoka kifungu gani?