Herufi A ya frigo



Juma lililopita, kwenye likelemba yetu, mama mmoja alitueleza kwa uchungu. Zamu yake ilipofika alinunua frigo iliyotumika Ulaya, apate kuuza maji baridi na juisi. Mwuzaji alimwonyesha karatasi ya mlangoni: "Mama, ona, A. Hii haili umeme." Sasa yuniti alizozoea kumaliza kwa mwezi hazifiki siku kumi na mbili, na faida yote ya juisi inaingia kwenye kashpawa.

Herufi ilikuwa ya kweli, ila ya zamani. Karatasi hizo zilianza kubandikwa kwenye frigo za Ulaya miaka ya 1990, A ikiwa bora na G ya mwisho. Viwanda vilipoendelea wakaongeza A+, A++ na A+++, na A yenyewe ikabaki nyuma. Tarehe 1 Machi 2021 wakafuta alama hizo za kujumlisha, wakarudia A mpaka G kwa kipimo kigumu zaidi. Kwa hiyo C ya leo inaweza kula umeme kidogo kuliko A ya miaka ishirini iliyopita. Inachanganya, tunakubali. Karatasi mpya ina, juu upande wa kuume, kile kimraba chenye madoa meusi kinachosomwa na telefone.

Sisi tunaona afadhali kuacha herufi na kutafuta namba yenye kWh. Kwenye frigo ni umeme wa mwaka mzima, na kWh moja ndiyo yuniti moja unayonunua. Gawanya kwa 365, hesabu ya mtoto wa mwaka wa tano: 500 inatoa karibu yuniti 1,4 kila siku, 180 inatoa nusu yuniti tu. Kama karatasi imebanduliwa, tazama kibati cha ndani; baadhi ya frigo za zamani zimeandikwa kWh/24h. Hiyo ni ya siku moja, usigawanye tena.

Lakini namba ilipimwa frigo ikiwa mpya. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kukaza, raba imechoka na baridi inatoka nje. Ya mama wetu ilitoka hivyo. Anayejua fundi wa raba amwambie.

Alhamisi kila mwenye frigo alete namba yake, tugawanye pamoja.