Kituo cha Watoto na Msimu wa Karafuu

Wanachama wenzetu,

Katika mkutano uliopita lilizuka neno juu ya kile kituo cha watoto kilichopo nyuma ya skuli: jumuiya yetu ikisaidie au isikisaidie? Baadhi ya wenzetu walisema kazi yetu ni karafuu, na mambo ya watoto yana wenyewe. Sisi twaona neno hili ni letu, tena ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote hapa Pemba.

Watoto wale ni nani? Ni yatima, na wale walioachwa kwa bibi zao huku wazee wao wamekwenda Unguja au Bara kutafuta riziki. Wakitoka skuli hawana pa kushika. Kituoni hupata uji, hupata wa kuwasomesha hesabu, na hupata mtu wa kuwauliza, "Jana mbona hukuonekana?" Saa kumi huenda chuoni.

Lakini msimu ukiingia, mabenchi yale huwa matupu. Watoto wako chini ya mikarafuu wakiokota mpeta. Mpeta ukiisha chini, mkono hufika kwenye majamvi ya watu, kisha juu mtini. Na sote twajua tawi la mkarafuu: halipindi, hukatika. Mtoto wa miaka 10 akianguka, yule aliyekuwa akinunua mpeta wake haonekani hospitali. Mnunuzi huyo, tusifichane, mara nyingine ni mwenzetu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 yakataza kumtia mtoto kazi ya hatari, lakini polisi hawezi kukaa chini ya kila mkarafuu.

Ati na sisi tulikua hivyo hivyo, tukiokota. Ni kweli. Ila sisi tuliokota mbele ya macho ya wazee wetu, na hata hivyo wako wenzetu wanaotembea kwa magongo mpaka leo.

Basi twaomba kila mwanachama atakapouza karafuu zake kwa ZSTC akiwekee kituo thamani ya kilo moja kwa kila gunia. Na asinunue mpeta kwa mtoto, hata kwa bei ya kutupa. Kwani kutoa kilo kwa mkono mmoja na kununua mpeta kwa mkono wa pili ni kumlipa mwalimu asomeshe mabenchi.

Daftari la ahadi liko kwa mshika fedha wetu. Mwenye shaka na apite kituoni siku yoyote ya skuli, saa nane mchana, akajionee.